Istilahi za Yoga na Utulivu wa Nyumbani: Uhakiki Mfupi kwa Mfano wa Bariadi

Tarehe 11 Machi, 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba maradhi ya korona yamekuwa janga la dunia nzima. Siku tano baadaye mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini Tanzania, huko Arusha, na tarehe 17 Machi serikali ikatoa amri ya kufunga shule. Katika muda wa majuma machache Kiswahili kililazimika kuyapa majina mambo mengi kwa haraka isiyo ya kawaida. Barakoa, neno la kale la pwani lililokuwa jina la kifuniko cha uso cha wanawake, likahamia kwenye kitambaa cha kuzibia pua na mdomo. Kitenzi takasa, ambacho zamani kilizoeleka zaidi katika mambo ya dini, kikazaa kitakasa mikono. Karantini, neno lililotokana na siku arobaini ambazo vyombo vya baharini vilingojeshwa katika bandari za Ulaya kabla ya kuruhusiwa kushusha watu na shehena, likasikika hata vijijini. Baadaye likaja UVIKO-19, lililoundwa kwa mtindo uleule wa UKIMWI.

Istilahi hizo kubwa zimekwisha kupata wasemaji wake. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza kundi dogo zaidi ambalo limepita bila kuhojiwa, nalo ni maneno yaliyotumika, na yanayoendelea kutumika, kuwaelekeza watu namna ya kukaa nyumbani wakiwa na afya ya mwili na utulivu wa moyo. Miongoni mwake, maneno ya yoga yana nafasi ya pekee. Siku ya Kimataifa ya Yoga, iliyowekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2014 na kuadhimishwa kila tarehe 21 Juni, mwaka 2020 ilikuwa na wito wa kufanya yoga nyumbani. Tangu hapo maelekezo ya namna hiyo yametafsiriwa katika lugha nyingi, na Kiswahili hakikuachwa.

Hoja yetu ni moja. Jina la jambo laweza kukopwa bila madhara, lakini maelekezo ya kulitenda hayana budi kuzaliwa ndani ya lugha yenyewe. Na istilahi yoyote ya afya ipimwe kwa kile atakachokitenda msikilizaji baada ya kuisikia.

Kwa nini Bariadi?

Istilahi iliyopimwa mbele ya watu wanaojua Kiingereza haijapimwa bado. Watu hao huielewa kwa kuirudisha kimoyomoyo katika lugha ilikotoka, kisha husema kwamba Kiswahili chake ni kizuri. Kwa sababu hiyo tumechagua kuyapima maneno haya kwa macho ya mkazi wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Mkoa huo ni wa wakulima wa pamba na mahindi na wa wafugaji. Lugha ya kwanza ya wengi wao ni Kisukuma, na Kiswahili ndiyo lugha ya shule, ya zahanati, ya ofisi na ya redio. Yoga si desturi ya huko, na kwa sababu hiyo hasa ndipo panapofaa kuwa mizani. Maelekezo ya Kiswahili yakieleweka Bariadi bila picha na bila msaada wa Kiingereza, basi yameeleweka.

1. Nyumbani ni wapi?

Tuanze na neno lililo jepesi kuliko yote. "Kaa nyumbani" lilikuwa agizo la nchi nyingi mwaka 2020. Tanzania haikuwafungia wananchi wote majumbani kama zilivyofanya nchi hizo. Watu walihimizwa kunawa, kuvaa barakoa na kuepuka msongamano. Hata hivyo maelekezo ya mazoezi yalitafsiriwa kana kwamba nyumbani ni pamoja duniani kote. Hushauri mtu atafute chumba kitulivu, ajifungie peke yake, atandike mkeka wa yoga.

Katika Simiyu, nyumbani ni kaya. Neno hilo lipo katika Kisukuma kwa maana ya makazi, na lipo pia katika Kiswahili cha sensa na takwimu. Kaya ni nyumba pamoja na uwanja wake, zizi, kivuli cha mti, na watu wa vizazi vitatu. Na Simiyu ni miongoni mwa mikoa yenye kaya kubwa nchini. Pamba nayo haichumwi chumbani. Mavuno yake huja katikati ya mwaka, miezi ileile ambayo shauri la kukaa nyumbani lilikuwa likivuma ulimwenguni. Mama wa kaya ya namna hiyo akiambiwa "jifungie chumbani", hatakuwa amepewa shauri. Atakuwa ameambiwa kwamba jambo hili halimhusu.

Tunapendekeza pasemwe "mahali safi penye hewa na pasipo na shughuli". Maneno hayo yanaruhusu uwanja na kivuli, na tena yanapatana na kanuni ya afya kwamba maradhi ya njia ya hewa huambukiza kwa urahisi zaidi katika vyumba vilivyofungwa. Ama "mkeka wa yoga", neno mkeka lingetosha. Kuongeza "wa yoga" ni kuashiria kitu maalumu cha kununuliwa, hali mikao ya kukaa na kulala yaweza kufanywa juu ya jamvi, na mikao ya kusimama ni salama zaidi juu ya ardhi tupu, mahali ambapo wayo hautelezi.

2. Jina lenyewe

Wapo wanaotaka neno yoga lifasiriwe. Wamependekeza "mazoezi ya viungo", lakini istilahi hiyo imekwisha chukuliwa na somo la shuleni, na yahusu kila zoezi la mwili. Wengine husema "mazoezi ya Kihindi", jina linalotaja asili tu bila kueleza kitu. Wengine tena husema "kutafakari", na hivyo huchukua sehemu moja na kuiita jina la zima.

Kwa maoni yetu neno yoga libaki. Sauti zake ni za Kiswahili, kila silabi ni wazi, na linaingia katika ngeli ya yoga hii, yoga hizi, bila marekebisho yoyote. Njia ya kutoka Bara Hindi hadi Kiswahili ni njia ya zamani: pesa, bima, laki, gari na chapati yalipita humo, na gunia analobeba mkulima wa Simiyu ni neno la safari hiyohiyo. Kanuni ya kuunda istilahi yatutaka tuanze na Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu na za Kiafrika, ndipo tuende mbali. Lakini kanuni hiyo ni ya kutafuta jina la jambo lililokosa jina. Jambo lililokuja likiwa na jina jepesi, linalojulikana dunia nzima, halihitaji kubatizwa upya.

Hata hivyo maana ya asili yafaa ielezwe, maana yaweza kumsaidia mwalimu. Katika Kisanskriti mzizi wa neno hili una maana ya kuunganisha, na hasa kufunga wanyama nira. Sijambo geni kwa mkulima wa plau wa Bariadi. Anajua kwamba maksai wawili wakivuta kila mmoja upande wake, plau haiendi, na kwamba nira ndiyo inayowapatanisha. Mwalimu akisema kwamba katika zoezi hili mwili na pumzi hufungwa nira moja ili viende pamoja, atakuwa amesema kweli kwa mfano unaoonekana shambani. Tusiende mbali zaidi ya hapo. Nira katika Kiswahili imekwisha kubeba pia maana ya utumwa na ya ukoloni, na kwa hiyo haifai kuwa istilahi, yafaa kuwa mfano tu.

Lipo pia suala la imani. Yoga ilizaliwa na kulelewa katika dini za Bara Hindi, na waumini wa Kiislamu na wa Kikristo wana haki ya kuuliza kama wanaitwa kwenye mazoezi au kwenye ibada. Mtunga istilahi hana kazi ya kuwajibia. Kazi yake ni kutoficha na kutoongeza. Akitumia "sala" au "maombi" kwa sehemu ya kutuliza mawazo, ameongeza jambo ambalo maelekezo ya afya hayakulisema. Akikataa kutaja asili anapoulizwa, ameficha.

3. Mikao

Hapa ndipo tafsiri nyingi zinapoteleza. Katika Kisanskriti kila umbo la mwili huitwa asana, na mzizi wa neno hilo ni kuketi. Kiswahili kina neno linalolingana nalo kwa mzizi na kwa matumizi, nalo ni mkao, wingi wake mikao. Hatuoni sababu ya kutumia "pozi" wala "staili". Na isidhaniwe kwamba kuketi kwa nidhamu ni jambo la kigeni katika nchi ya Wasukuma, kwa kuwa wanayo ngoma ya wigashe, ambayo huchezwa watu wakiwa wameketi.

Tatizo huanza mikao inapopewa majina moja moja. Tutachunguza manne.

(a) Mkao wa maiti. Ndiyo tafsiri ya neno kwa neno ya jina la mkao wa mwisho, ambao mtu hulala chali, mikono kando, akiwa amelegea. Katika Kisanskriti ndivyo unavyoitwa. Lakini fikiria neno hilo katika nyumba ya mwaka 2020 au 2021, pengine nyumba iliyotoka kuzika. Mtu anaambiwa ajilaze kama maiti ili apate utulivu. Tafsiri hiyo haina kosa la kamusi, ila ina kosa la utu. Tunapendekeza "mlalo wa mapumziko", na katika kuelekeza, "lala chali, legeza mwili wote".

(b) Mbwa atazamaye chini. Katika Kiswahili cha watu wengi mbwa ni tusi, na kwa Waislamu ni mnyama mwenye hukumu zake za unajisi. Isitoshe, jina halimwelezi mtu afanye nini. Umbo la mkao huo, viganja na nyayo chini, kiuno juu, ni umbo la paa la nyumba. Tunapendekeza "mkao wa paa la nyumba". Mtu aliyeliona paa la msonge hatahitaji picha.

(c) Mkao wa mti. Hili ni jina jema. Mtu husimama kwa mguu mmoja, wayo wa pili ukiegemea mguu uliosimama. Mti ni mti kila mahali, na mzee anayetetereka hukumbushwa na jina lenyewe kwamba mti huegemea mizizi. Aongezewe tu agizo la kushika ukuta.

(d) Mkao wa mtoto. Nalo latufaa. Kupiga magoti, kukalia visigino na kuinamisha paji la uso hadi chini ni namna ambayo kila mama amemwona mwanawe akilala.

Katika hayo manne tumepata mawili ya kukubali na mawili ya kukataa, na kipimo kilikuwa kilekile: mtu akisikia atafanya nini, na atajisikiaje. Twaongeza kwamba mara nyingi jina halihitajiki kabisa. Kiswahili ni tajiri mno wa vitenzi na vielezi vya mwili: chuchumaa, inama, inuka, jinyoosha, piga magoti, kaa kitako, lala chali, lala kifudifudi, lala kiubavu. Mwalimu mwenye vitenzi hivyo aweza kuendesha zoezi zima bila jina hata moja la kigeni.

4. Pumzi

Baada ya mikao huja pumzi, ambayo wajuzi wa yoga huihesabu kuwa kiini cha zoezi. Tafsiri iliyoenea ni "pumua ndani, pumua nje". Hiki si Kiswahili, ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Katika Kiswahili, ndani na nje ni mahali. Msikilizaji wa redio akiambiwa "pumua ndani" ataelewa kwamba apumue akiwa ndani ya nyumba, na akiambiwa "pumua nje" ana haki ya kuinuka na kutoka uwanjani.

Kitenzi pumua kimebeba tendo zima, kwenda na kurudi. Sehemu zake mbili zina maneno yake ya siku zote: vuta pumzi na shusha pumzi. La pili ni bora kuliko "toa pumzi", kwa sababu kushusha pumzi katika Kiswahili kumekwisha kuwa ishara ya nafuu. Mtu aliyetoka hatarini, au aliyemaliza kazi ngumu, hushusha pumzi. Neno hilo lafanya nusu ya zoezi kabla zoezi halijaanza. Kwa hiyo agizo liwe hivi: "Vuta pumzi polepole kwa pua hadi tumbo lijae. Shusha pumzi polepole, tumbo lirudi." Msemo "shikilia pumzi" uachwe, pakiwa na haja isemwe "zuia pumzi kidogo", na wenye maradhi ya moyo, ya kifua au shinikizo la damu waambiwe waziwazi wasizuie.

Hapa pana jambo la uhai. Katika UVIKO-19 dalili mojawapo ya hatari ilikuwa, na ingali, kushindwa kupumua vizuri. Baadhi ya maandishi yaliita dalili hiyo "ufupi wa pumzi". Watu hawasemi hivyo. Husema "pumzi zinakata", "kifua kinabana", "anahema". Sasa mtu akisoma katika karatasi moja kwamba pumzi fupi ni dalili, na katika karatasi nyingine kwamba afanye zoezi la pumzi fupi na za haraka, atachanganyikiwa, na pengine mgonjwa atabaki mkekani akivuta na kushusha pumzi badala ya kupelekwa kituo cha afya. Istilahi ya zoezi na istilahi ya dalili zitengwe kabisa, na kila maelekezo ya pumzi yamalizie kwa sentensi hii: "Pumzi zikikata au kifua kikibana, acha zoezi, nenda kituo cha afya."

5. Utulivu

Lugha yetu imekwisha kulifikiria jambo la utulivu kwa undani kuliko watafsiri wanavyodhani. Tazama maneno pumzi, pumua na pumzika: Kiswahili hakikutenga kupumzika na kupumua. Tazama tua, tulia na tulivu: atuaye mzigo ndiye atuliaye. Upande wa pili tazama songa, kitenzi cha kukandamiza na cha kupika ugali, kilichotupa msongo wa mawazo na msongamano. Mwaka 2020 wananchi waliambiwa waepuke msongamano wa watu, na wakati huohuo wakapatwa na msongo wa mawazo. Maneno yanayotueleza hali hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja. Mtunga maelekezo mwenye sikio angeweza kuyatumia ndugu hao vizuri mno. Badala yake tulipewa "umbali wa kijamii", maneno yaliyofasiriwa mojamoja, ambayo maana yake katika Kiswahili ni kuwa mbali na jamii. Kilichokusudiwa kilikuwa kuachiana nafasi ya mita moja au zaidi.

Kosa hilo si dogo katika Bariadi. Katika Kisukuma watu huamkiana na kujibizana kwa neno mhola, lenye maana ya hali njema na amani. Hatupendekezi neno hilo liwe istilahi, kwa kuwa utulivu linatosha. Tunalitaja kwa sababu linafundisha kwamba amani ya moyo, katika jamii hiyo, huulizwa na kujibiwa. Haipatikani kwa kujitenga tu. Maelekezo yanayosema "utulivu umo ndani yako peke yako" yana Kiswahili sahihi, lakini yanamwondolea msikilizaji nusu ya dawa aliyonayo. Yangeweza kusema "fanyeni pamoja, kila mmoja na nafasi yake".

Maneno matatu yahitaji tahadhari. Tulia, likisemwa kwa amri, ni karipio la mtoto mtundu. Afadhali "jitulize" au "tuliza moyo". Pumzika lafaa, ila likikaribiana na maneno ya kulala chali hukumbusha buriani, maana tumezoea kusema marehemu amepumzika, afadhali "jipumzishe". La tatu ni tafakari, na hili ndilo lenye matata zaidi. Tafakari maana yake ni kulifikiria jambo kwa kina. Zoezi lakusudia kinyume chake, yaani mtu aache mawazo yapite, akili ibaki kwenye pumzi. Mama akiambiwa akae kitako atafakari, atatafakari: ada ya shule, bei ya pamba, homa ya mwanawe. Atainuka na msongo mkubwa kuliko aliokaa nao. Agizo liwe "sikiliza pumzi zako; wazo likija, liache lipite". Tafakari libaki kwa wanafunzi na kwa wanafalsafa.

6. Kinga

Tumeacha mwisho neno lililotufanya tuandike makala haya. Katika maelekezo mengi ya mazoezi ya nyumbani husomwa kwamba "yoga huongeza kinga". Sentensi hiyo ni fupi, ni fasaha, na ni ya hatari.

Kinga katika Kiswahili ni kitu kizuiacho: ukingo wa shimo, ngao, dawa ya kukinga. Katika istilahi za tiba neno hilohilo limepewa pia kazi ya kutaja nguvu za mwili za kupambana na vijidudu. Daktari asemapo kinga hukusudia maana ya pili. Msikilizaji husikia ya kwanza. Kwake "yoga huongeza kinga" maana yake ni kwamba afanyaye yoga hapati ugonjwa, au akiupata hauwezi kumwumiza.

Hatusemi haya kwa kubuni hatari isiyokuwapo. Mwaka 2020 desturi ya kujifukiza kwa nyungu, ambayo ni ya zamani katika nyumba nyingi, ilihimizwa hadharani na viongozi wakuu wa nchi na ikaenea upesi. Kujifukiza huweza kumpa nafuu mwenye pua zilizoziba, na huweza pia kumwunguza asiye mwangalifu. Lakini haikuthibitishwa kitaalamu kwamba humaliza virusi vya korona. Lugha ingeweza kusaidia, kwa maana Kiswahili hutofautisha dawa, tiba, kinga, nafuu na ahueni. Maneno hayo matano yalichanganywa, na watu wakachanganyikiwa nayo. Ilipofika tarehe 28 Julai, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua chanjo ya UVIKO-19 nchini kwa kuchanjwa yeye mwenyewe, neno chanjo lilikuta nafasi yake katika masikio ya watu wengi imekwisha jazwa na "kinga" za kila namna. Aliyeamini kwamba tayari anayo kinga, chanjo angeitakia nini?

Kwa hiyo tunapendekeza mgawanyo huu wa kazi. Uwezo wa mwili wa kupigana na maradhi uitwe "kinga ya mwili", maneno yote matatu, bila kufupisha. Matendo ya kuepuka maambukizo yaitwe "kujikinga". Sindano au matone yaitwe "chanjo", yasiitwe kinga. Na katika maelekezo ya yoga neno kinga lisitumike kabisa. Yoga husaidia kupunguza wasiwasi, kunyoosha mgongo uliochoka, kuleta usingizi na utulivu. Hayo ni mema ya kutosha, na yana majina yake: afya, nafuu, utulivu. Jambo jema halihitaji kuvikwa sifa lisiyo nayo.

7. Hitimisho na mapendekezo

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura ya UVIKO-19 tarehe 5 Mei, 2023. Maneno yaliyoundwa wakati wa dharura hayakuondoka nayo. Yamebaki vitabuni, mashuleni na katika vituo vya afya, yakingojea janga lijalo. Huu ndio wakati wa kuyasafisha, maana moto ukiwaka hakuna apangaye ndoo.

Nchi hii ina mfano wake wa kuigwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2 kwa redio, vitabu vyepesi na vikundi vya majadiliano, na vyoo vikachimbwa kwa wingi vijijini. Hata jina lake lilikuwa sentensi ya maneno matatu ambayo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kampeni ile ilizungumza kwa vitenzi: chimba, funika, chemsha, nawa. Maelekezo ya yoga na ya utulivu yaweza kuzungumza vivyo hivyo: keti, nyoosha, vuta, shusha, legeza.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, jina yoga likubaliwe kama lilivyo, na asana iitwe mkao. Pili, majina ya mikao yasifasiriwe neno kwa neno. Kila moja lihojiwe kwa adabu na kwa umbo, na "mkao wa maiti" ufutwe mara moja. Tatu, vuta pumzi, shusha pumzi, kinga ya mwili, kujikinga na chanjo yaingizwe katika orodha ya istilahi sanifu za afya, kila moja kwa maana moja. Nne, orodha yoyote ya istilahi za afya, kabla ya kuidhinishwa, isomwe kwa sauti mbele ya wananchi wa mahali kama Bariadi, nao waombwe watende walichosikia. Wakienda kinyume na alichokusudia mwandishi, irekebishwe istilahi, wasilaumiwe wao.

Hapo ndipo tutakapojua kama tumewapa watu maneno, au tumewapa makelele tu. Wasomaji wenye hoja za kupinga au za kuongeza, hasa waalimu na wauguzi wa Simiyu na mikoa jirani, wanakaribishwa kuzileta, maana istilahi ni mali ya wasemaji wote.